Mwelekeo wa kurudi hautolewi kwenye 360

Wengi waliosoma hesabu za dira huamini kwamba ukijua mwelekeo wa kwenda mahali, wa kurudi unapatikana kwa kuutoa kwenye 360. Si ajabu, kwani mduara mzima una digrii 360. Lakini anayerudi hageuki mduara mzima. Anageuka nusu yake, digrii 180.

Chukua Thika. Kutoka katikati ya Nairobi, kwa mstari ulionyooka, iko takriban kilomita 40 kwenye mwelekeo wa 045, yaani digrii 45 kutoka kaskazini ukizungukia kulia. Kurudi ni 045 jumlisha 180, yaani 225, kusini-magharibi. Ukishika 315 (360 toa 045) utatoka Thika ukielekea milima ya Nyandarua! (Mwelekeo ukifika 180 au zaidi, toa 180 badala ya kujumlisha.)

Trigonometria inathibitisha: 40 mara kosaini ya 45 ni kama kilomita 28 kaskazini, na 40 mara saini (sine) ya 45 ni kama 28 mashariki. Kurudi ni 28 kusini, 28 magharibi.

Nasisitiza mchoro: weka mstari wa kaskazini Nairobi na mwingine Thika, sambamba, kisha pima kwa protrakta ukizungukia kulia. Huna protrakta? Fungua dira ya simu, soma namba ukiutazama mlango, kisha upe mgongo usome tena.