Gemu ya mpira ya zamani si lazima iwe adimu

Hili ni tangazo la tatu ninaloliona likiinadi diski ya FIFA, gemu ya mpira ya kuchezwa kwenye runinga, kuwa ni "adimu" kwa sababu tu ni ya miaka ya tisini, na safari hii, nilipoikuza picha, nikakuta ni diski ya kunakili iliyoandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito. Kwa wanaokusanya gemu za mpira, gemu adimu ni ile ambayo nakala zake halisi zilizosalia ni chache kuliko watu wanaozitafuta. Umri haumo katika maana hiyo.

Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake wenye herufi ain, dal na mim unahusu kukosekana na kutokuwepo (Nabii Adamu hahusiki, maana jina lake huanza na alifu). Kiswahili kimeihifadhi maana hiyo vizuri sana. Tukisema sukari imeadimika, tunamaanisha kwamba umezunguka maduka ya mtaa mzima ukarudi na mfuko mtupu, wala hakuna anayedhani kwamba sukari hiyo imechakaa. Sijui kwa nini tukifika kwenye gemu tunaisahau maana hiyo.

Na hapa ndipo gemu za mpira zinapotofautiana na nyingine, kwa kuwa FIFA ilikuwa ikitoka upya kila mwaka, vikosi vikibadilika, na ya mwaka uliopita ikauzwa kwa bei ya kutupa, nayo ilikuwa imechapishwa kwa wingi. Chukua FIFA: Road to World Cup 98, iliyotoka mwaka 1997. Ya PlayStation ya kwanza imejaa kwenye makapu ya mitumba ya Uingereza, lakini gemu hiyohiyo ilitolewa pia kwa Super Nintendo, mashine ambayo wakati huo wengi walikwisha kuiweka kando, na kwa hiyo ni vigumu zaidi kuipata. Jina ni moja, mwaka ni mmoja, uadimu ni tofauti.

Wakati mwingine kilichoadimika si gemu bali boksi lake. Gemu za Super Nintendo ziliuzwa ndani ya maboksi ya karatasi ngumu, ambayo watoto waliyachana siku ya kwanza, ilhali za Mega Drive, mashine nyingine ya gemu, barani Ulaya kwa kawaida zilikuja katika makasha ya plastiki yanayofunga kwa mlio, na mengi yamesalimika pamoja na vijitabu vyake vya maelekezo. Ndiyo maana kaseti peke yake, bila boksi, ya International Superstar Soccer Deluxe, gemu nyingine ya mpira ya Super Nintendo, haina bei ya kutisha, lakini ikiwa na boksi ambalo pembe zake hazijapondeka, mkusanyaji huanza kuhesabu fedha mara mbili. Hapo mwenye kuuza ana haki ya kusema adimu, mradi aseme ni boksi.

Kwa hiyo, ndugu muuzaji, diski yako ya PlayStation iite ya zamani, au itaje kwa mwaka wake, na upige picha ya upande wa chini ili mnunuzi aone mikwaruzo. Ile ya kalamu iite nakala.