Umbo la kichwa cha pata halikuambii mizani yake
Wachezaji wengi wa gofu huamini kwamba pata, ile fimbo ya kusukumia mpira shimoni, ikiwa na kichwa kipana humfaa anayesukuma kwa mstari ulionyooka, na yenye kichwa chembamba humfaa anayesukuma kwa tao. Kinachoamua hasa ni shingo, yaani mahali mpini unapoingilia kichwani. Kichwa kipana chenye shingo fupi karibu na kisigino, yaani upande wa kichwa ulio karibu na mchezaji, nacho huinamisha ncha, yaani upande ulio mbali naye.

Pima dukani: laza mpini juu ya kidole, karibu na kichwa, hadi utulie. Uso, yaani upande unaogonga mpira, ukitazama juu, mizani iko usoni, na fimbo hufaa mstari ulionyooka. Ncha ikiinama, fimbo hufuata tao kwa urahisi zaidi. Upana husaidia kwingine: ukigonga nje ya kitovu, kichwa hakipindi sana.