Fort Jesus si ghala la watumwa, na bahari si Nalubaale

Vikundi vya Kampala vinavyochangishana kwenda Mombasa kila Desemba huja na orodha ile ile: ufuo, ngamia, na "ile jela ya watumwa". Ngamia wapo. Ufuo upo, tutaufikia. Jela ya watumwa ndiyo haipo, na inachosha kuisikia kila msimu, maana anayeingia Fort Jesus, ngome ya kale ya Mombasa, kutafuta minyororo hutoka baada ya nusu saa akilalamika kwamba amelipa kiingilio aone kuta.

Basi atazame hizo kuta. Ngome ilianza kujengwa 1593 chini ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania, aliyekuwa pia mfalme wa Ureno. Aliyeichora ni Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati. Kazi yake ilikuwa kulinda mlango wa bandari, ambako merikebu za Wareno zilipita zikielekea India. Buruji zake nne zimetokeza nje kwenye pembe ili askari wa buruji moja aweze kumpiga adui aliyejibanza chini ya ukuta wa jirani. Jengo la kufungia watu halihitaji umbo hilo. La kuzuia wanaotaka kuingia linalihitaji sana. Na walitaka kuingia kweli: 1631 Sultani Yusuf bin Hasan aliwanyang'anya Wareno ngome, kisha Waomani wakaizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698. Ndani, maradhi na njaa viliua kuliko risasi. Merikebu ya Santo António de Tanná, iliyokuja kuwaokoa waliozingirwa, ilizama mbele ya ngome 1697. Vitu vilivyoopolewa humo vimo kwenye jumba la makumbusho la ngome, chumba ambacho wengi hukipita mbio wakienda kupiga picha na mizinga.

Neno "jela" limetoka wapi? Kuanzia 1895 hadi 1958 Waingereza waliitumia ngome kama gereza. Kwa hiyo jela ilikuwepo, ila ya wafungwa wa serikali ya kikoloni. Ukichanganya hilo na ile njia ya matao iliyochongwa kwenye mwamba kushuka upande wa bahari, hadithi ya watumwa hujitunga yenyewe.

Hakuna anayesema Mombasa haikuuza watu. Iliuza. Lakini anayetaka kuifuata historia hiyo avuke daraja la Nyali hadi Kengeleni. Pale njia panda ipo kengele ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa 1875 na wamisionari wa Kianglikana kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Mganda ana sababu ya pekee ya kufika hapo. Askofu Hannington, aliyeuawa Busoga Oktoba 1885, alianzia safari yake pwani hiyo hiyo, na aliyefuatana naye ni William Jones, shemasi Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa. Mahujaji wanaokwenda Kyando, huko Busoga, kila mwaka wanaujua mwisho wa safari hiyo. Mwanzo wake hawaulizi.

Sasa bahari. "Tukifika asubuhi tunaogelea." Hapana. Ziwa Nalubaale, yaani Victoria, halina maji kujaa na kupwa, kwa hiyo aliyelizoea hudhani maji ya Nyali au Bamburi yatamngoja. Wakati wa bamvua, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Mombasa siku hizo maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa kama saa nne. Atakayeteremka ufuoni saa nne asubuhi atakuta mwani, mawe na vidimbwi, huku bahari yenyewe iko mbali kule miambani. Humo kwenye vidimbwi mna viumbe vyenye miiba mieusi, na mwiba ukivunjikia mguuni safari imeharibika; vaa viatu vya raba. Mwezi ukiwa nusu, saa hizo hugeuka: maji hujaa kama saa nne, nayo hayapandi sana. Kila siku saa husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hiyo tazama mwezi kabla ya kukata tiketi ya basi. Wiki ya bamvua, ingia ngomeni saa mbili asubuhi jua halijakasirika, zunguka Mji wa Kale kwa miguu, kula mahamri na mbaazi, kisha ufuoni saa tisa. Ratiba hiyo haijawahi kumuudhi mtu.

Yapo na madai mengine ya kila msimu. "Bandari ya kale ndiko magari yetu hushushwa." Hapana, ni Kilindini, upande wa pili wa kisiwa. Bandari ya kale ni ya majahazi, na kabla ya kutoa simu kupiga picha, omba ruhusa.

"Zile pembe za barabarani ni za ndovu kweli." Hapana, matao yale ya Barabara ya Moi ni bati za alumini.

"Tumepata hoteli Mombasa, iko Diani." Diani iko Kwale, ng'ambo ya kivuko cha Likoni, kilomita 30 na zaidi. Ukilala huko, kuja Fort Jesus ni safari ya siku nzima, si matembezi baada ya chai.

"Kuna treni mpya toka Kampala." Ile ya abiria iliyozinduliwa 2017 huanzia Nairobi, na kituo chake cha Mombasa kiko Miritini, bara, nje ya kisiwa. Weka akiba ya nauli ya kukufikisha mjini.

Na ndaga muntu, kitambulisho chako cha taifa, usiiache mkobani ukishavuka mpaka wa Busia: langoni mwa ngome viingilio hutofautiana kulingana na utokako, na neno lako tupu halitoshi.