Udi si sweta

Nauza mafuta ya manukato, na tangu kipupwe kianze sijapumzika. "Dada, nipimie udi. Sandali haiwezi baridi hii." Wa asubuhi kasema hivyo, wa mchana naye hivyohivyo.

Dhana: baridi inaua harufu, kwa hiyo chukua iliyo kali zaidi.

Baridi haiui harufu, inaichelewesha. Mafuta hunukia yanaporuka hewani, na kinachoyarusha ni joto. Sasa Mwanza tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Alfajiri ya Julai nyuzi zinashuka hadi 15 au 16, upepo wa ziwani unakata masikio, ngozi imepoa. Hapo mtu anajipaka, hasikii kitu, anaongeza tone, anaongeza jingine. Kisha anapanda daladala ya Nyegezi, madirisha yamefungwa, abiria wamebanana, joto linapanda, na udi wote unaamka kwa pamoja. Konda anapiga chafya. Kesho yake kichupa kinarudishwa kwangu: "Unaniumiza kichwa." Umejipaka wa wiki nzima!

Udi ni utomvu unaotunga ndani ya mti wa Aquilaria ukishambuliwa na kuvu: unanukia moshi, unanukia ngozi ya viatu, mwingine hata zizi la ng'ombe limo. Sandali hutoka kwenye moyo wa mti, ni laini, ina utamu wa maziwa. Yote mawili ni mafuta mazito na yote hukaa, tena kwenye baridi hukaa zaidi. Zinapoachana ni umbali: udi unakutangulia mlangoni, sandali inamngoja anayekusogelea. Unashinda nje, unavuka kwa kivuko cha Kamanga kila asubuhi? Udi, tone moja. (Soko la samaki la Mwaloni Kirumba usijisumbue, dagaa watakushinda.) Ofisini, darasani, garini, chukua sandali. Ipake kifuani kabla ya kuvaa sweta, juu ya mafuta ya mgando yasiyo na harufu.

Dhana: yakiwa meusi ndiyo halisi. Rangi inaongezwa. Mafuta safi ya sandali yana umanjano hafifu.

Dhana: siyasikii tena, yameisha. Pua yako imezoea. Muulize uliyekaa naye.

Dhana: msandali wa porini kwetu ndio ule wa India. Wa India ni Santalum album, wetu ni Osyris lanceolata. Ni jamaa, si mti mmoja. Tangu 2013 biashara ya kimataifa ya huu wetu inadhibitiwa chini ya CITES, mkataba wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, hivyo anayekuletea magogo usiku mwulize kibali kwanza.

Dhana: ukinusa kifuniko umeshachagua. Kifuniko hakina joto la mwili. Nipe mikono yote miwili: udi kulia, sandali kushoto. Nenda kanywe chai, rudi baada ya saa moja. Bei tutaongea ukirudi.