"Laana" ya Nyota Watoto

Imezoeleka kusemwa kwamba mtoto aking'ara kwenye runinga, ukubwani lazima aharibikiwe. Mfano unaotolewa sana ni tamthilia ya vichekesho ya Marekani, Diff'rent Strokes, iliyoanza mwaka 1978. Vijana wake watatu, Gary Coleman, Dana Plato na Todd Bridges, walipatwa na misukosuko mizito, na magazeti hayakuchoka kuisimulia. Kwamba Bridges aliacha dawa za kulevya na kuendelea kuigiza, hilo hutajwa kwa nadra.

Wapo wengi ambao hawaingii kwenye hadithi hiyo. Ron Howard, aliyeanza kuigiza utotoni, alishinda Oscar ya uongozaji mwaka 2002. Jodie Foster alianzia kwenye matangazo ya biashara, akahitimu Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1985, kisha akatwaa Oscar mbili. Maisha yaliyotulia hayauzi magazeti.

Kilichowaumiza wengi kina maelezo ya kawaida kabisa: fedha. Jackie Coogan, nyota mtoto wa filamu zisizo na sauti, alipofikia utu uzima alikuta mama yake na baba wa kambo wametumia karibu mapato yake yote. Jimbo la California likatunga sheria ya kulinda mapato ya watoto waigizaji mwaka 1939, lakini ilikuwa na mianya mingi. Ni mwaka 2000 tu ndipo marekebisho yalipolazimisha asilimia 15 ya mapato ya mtoto iwekwe akiba hadi akue. Coleman hakuufaidi ulinzi huo. Ilimbidi awashtaki wazazi wake, na mwaka 1993 akashinda zaidi ya dola milioni 1.2.