Nyasi za pampasi hazili samadi kama mahindi

Hapa Nakuru wengi huamini kwamba nyasi za pampasi, zile ndefu zenye mashuke meupe kama manyoya, zikimwagiliwa kila siku na kujaziwa samadi ndipo zitachanua vizuri. Sivyo. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na zikishashika mizizi hustahimili ukavu. Samadi nyingi huzipa majani mengi laini yanayolala upepo ukivuma, na maji yakituama shinani huozesha mizizi. Udongo wetu wa volkano, unaopitisha maji upesi, unazifaa. Mwagilia miezi ya kwanza tu, kisha punguza.

Zinachotaka hasa ni jua la kutwa na nafasi, maana shina moja hufika mita 3 kwenda juu. Usizipande kando ya kijia wanapopita watoto, tafadhali: kingo za majani hukata kama wembe. Kila mwaka, kabla ya masika, vaa glavu nene na mikono mirefu, ukate kichaka kibaki sentimita 30 hivi. Msizichome moto; kiini kikiungua, huenda kisichipue tena.