Kitovu cha uzito kwenye ndege za rimoti, na kwa nini ndege ulokarabati hairuki kama zamani

Ukipanda zile ndege ndogo za kwenda Pemba, hizi za propela moja za watu kumi na kitu, mara nyingi kabla ya kupanda mnapimwa, wewe na mkoba wako, kijana anaandika kwenye karatasi, halafu mkifika kwenye ndege rubani anaanza kupanga, wewe kaa mbele, bibi wewe njoo hapa, kaka wewe mwenye mwili nenda kiti kile. Wengi hudhani wanaangalia tu kama mzigo haukuzidi. Hilo limo, lakini kuna jambo la pili ambalo abiria haambiwi: uzito umekaa wapi. Ndege inaweza kuwa na mzigo mdogo kabisa na bado ikawa hatari kwa sababu kilo zote zimerundikana nyuma.

Hilo "wapi" ndo kitovu cha uzito. Na kwa sisi tunaorusha ndege za rimoti na kuzigundisha kila wiki, mie naona ndo dhana ya kwanza ya kuijua, kabla hata ya kujua mota gani na betri ya ngapi.

Maana yake ni hivi. Ni ile nukta moja ambayo ukiibeba ndege hapo inakaa sawa, haiinami mbele wala nyuma, yaani kama vile uzito wote wa mota, betri, mabawa, nyaya na gundi umekusanywa pale. Kwenye ramani ya ndege au karatasi ya maelekezo utaona herufi CG, au kiduara kilichogawiwa robo nne, mbili nyeusi na mbili nyeupe. Ndo hicho. Kwa ndege ya kawaida, yenye bawa mbele na mkia nyuma, nukta hii huwa kwenye robo mpaka theluthi ya upana wa bawa, ukipima kutoka ukingo wa mbele kwenda wa nyuma. Kwa hivo bawa la upana wa sentimita 18, kitovu unakitafuta baina ya sentimita 4.5 na 6, na kwa ndege mpya mie naanza na 4.5 au 5, siendi mbali. Ndege ambayo ni bawa tupu bila mkia ni mambo mengine, ile kitovu chake kinakuja mbele zaidi, kwenye asilimia 15 mpaka 20, na bawa lilochongoka au lilorudi nyuma usilipime shinani tu, fuata ramani yake.

Sasa kwa nini mbele? Kwani si ingekuwa sawa tu kikiwa katikati?

Tazama kuti kavu linavodondoka mnazini. Halianguki ovyo, ule upande wa shina ulio mzito ndo unatangulia na majani yanafuata nyuma, hata ukilitupa wewe kinyume litajigeuza njiani. Ndege nayo ni hivo. Iko nukta nyengine kwenye ndege, haionekani, ambayo upepo ukiivuruga ndege ghafla ile nguvu ya ziada ya kunyanyua, ya bawa na mkia kwa pamoja, inasukuma hapo. Kitovu cha uzito kikiwa mbele ya nukta hiyo basi upepo ukiinyanyua pua, ile nguvu iliyo nyuma inanyanyua mkia, na pua inarudi chini yenyewe bila wewe kugusa rimoti. Kikiwa nyuma yake mambo yanageuka, pua ikinyanyuka kidogo inazidi kunyanyuka, ikizama inazidi kuzama, na hapo wewe na vidole vyako mna kazi ya kuirudisha kila sekunde, na mtu hawezi, au anaweza dakika moja halafu anachoka.

Watu wa Unguja na Pemba wanaijua habari hii kwa njia ya chombo. Jahazi likirudi tupu linatiwa farumi, mawe au mchanga, na nahodha hamwagi farumi popote, anaipanga. Ukijaza tezi, yaani nyuma, omo, yaani mbele, linanyanyuka na chombo hakishiki njia. Mie mtu alonifahamisha kitovu cha uzito vizuri kuliko maelezo yote nilosoma ni mzee mmoja wa Jambiani, mvuvi, alokuwa akinitazama napanga vitu vyangu kwenye mchanga maji yamekupwa, akaninyooshea kidole, "Mwanangu, hicho chombo chako kimelemea tezi." Nikamwambia mzee hii ndege, si mashua. Akasema "Naona. Kinyanyue." Nikainyanyua kwa vidole viwili chini ya bawa, mkia ukazama palepale.

Na alikuwa sahihi, kwa sababu wiki moja kabla ile ndege ilivunjika mkia.

Hapa ndo penyewe nnapotaka tufahamiane, maana watu husoma kuhusu kitovu cha uzito siku wanayonunua ndege, wanapima mara moja, halafu hawapimi tena. Kitovu hakikai pahala pamoja. Kila ukikarabati unakihamisha. Ndege ya stairofomu ikianguka mara nyingi inavunjika pua, au mkia, au bawa linakatika katikati, na sisi tunafanya nini, tunatia gundi, tunatia kijiti, tunazungusha solotepu, tunapaka rangi ipendeze, na kila kimoja katika hivyo kina gramu zake. Gramu za katikati ya bawa hazina neno. Gramu za mkiani ndo balaa, kwa sababu mkia uko mbali na kitovu, na uzito wa mbali unavuta zaidi, kama vile mtoto mdogo alokaa ncha kabisa ya ubao anavyoweza kumnyanyua mtu mzima alokaa karibu na katikati.

Hesabu yake nyepesi, gramu mara umbali. Mie ule mkia niliutia araldaiti, vijiti vya mishkaki viwili na solotepu mizunguko mingi, jumla zilikuwa kama gramu 20. Mkia uko sentimita 60 nyuma ya kitovu. 20 mara 60 ni 1200. Pua ya ndege ile iko sentimita 20 tu mbele ya kitovu, kwa hivo ili kuirudisha sawa nahitaji 1200 gawa kwa 20, yaani gramu 60 puani. Umeona? Gramu 20 za gundi zimezaa gramu 60 nyengine za kusawazisha, jumla 80, kwenye ndege ambayo nzima ilikuwa na gramu 700. Ndege nzito inataka kwenda mbio zaidi ndo isianguke, na inatua kwa kishindo, na ikitua kwa kishindo inavunjika tena, unatia gundi tena.

Wiki ile mie sikufanya hesabu yoyote. Niliigundisha usiku, asubuhi baada ya swala nikaenda nayo, nikairusha. Ilitoka mkononi ikanyanyua pua, nikasukuma kijiti cha rimoti mbele, ikashuka sana, nikarudisha kidogo tu ikapanda kama ngazi, ikasimama hewani, ikapinda bawa la kushoto na ikaja chini ikizunguka mpaka kwenye maji ya magotini karibu na vigingi vya mwani. Niliumia moyo kwa sababu mpwa wangu wa miaka tisa alikuwepo na ndo siku nilomuahidi atashika rimoti. Akaniuliza "Mjomba, upepo?" Nikamwambia siyo upepo, mimi sikupima. Nilitaka alijue hilo mapema, kwa sababu kwetu huku kusi likivuma ni rahisi kulisingizia kila kitu.

Basi dalili zake ni hizo. Mkia mzito: ndege inanyanyua pua ikitoka, kijiti ukikigusa kidogo inaruka kama imeshtuka, na ukipunguza moto, yaani nguvu ya mota, inasimama hewani na kupinda. Pua nzito: inataka uvute kijiti nyuma muda wote, ukikata moto inainamisha kichwa, inatua mbio. Warushaji duniani kote wana msemo kwamba ndege yenye pua nzito huruka vibaya, yenye mkia mzito huruka mara moja tu. Kwa hivo ukiwa huna hakika, elemea mbele kidogo. Hata Wilbur na Orville Wright, wale ndugu wa Kimarekani walotangulia kurusha ndege ya mota, hili liliwasumbua, ndege yao ya 1903 ilikuwa ikipanda na kushuka kama mashua juu ya mawimbi, na 1904 walikuja kuweka vyuma vya ratili 70, kama kilo 32 hivi, puani ili kukivuta kitovu mbele.

Kupima ni kazi ya dakika mbili. Unatia kila kitu kama vile unaenda kurusha, betri ndani, propela imefungwa, kifuniko kimefungwa, maana betri ndo kitu kizito kuliko vyote, ile ya seli tatu yenye ujazo wa mAh 2200 inakaribia gramu 180 au 200, ukipima bila ya betri hujapima kitu. Chini ya bawa unatia nukta mbili za kalamu, kulia na kushoto, umbali sawa kutoka ukingo wa mbele. Unainyanyua kwa ncha za vidole kwenye nukta zile, chumbani, feni umezima. Ikiwa bawa liko chini ya mwili wa ndege basi igeuze juu chini ndo upime. Unachotaka ni ikae sawa au pua iiname kidogo tu.

Haikukaa sawa? Kwanza sogeza betri. Usikimbilie kuongeza uzito, betri unaisogeza bure, na ukishapata pahala pake chora mstari wa maka ndani ili kesho isikae mbele wala nyuma ya pale. Betri ikigota na bado mkia unazama, hapo ndo unatia chubwi puani, hizi za kuvulia, zinauzwa ndogo ndogo na unaweza kuongeza moja moja. Itie mbele kabisa, kwa ile hesabu ya umbali, sentimita chache zinakuokolea gramu nyingi. Na igundishe sawasawa, chubwi ikichomoka hewani kitovu kinaruka nyuma na ndege bado iko juu.

Lakini kilicho bora ni kukarabati kwa wepesi toka mwanzo. Mkia mie siku hizi situmii araldaiti ila tone pale penye kuvutana, sehemu nyengine gundi ya mbao nyeupe nyembamba na naiacha mpaka kesho yake, inachelewa lakini haili stairofomu. Supagluu ile ya kawaida usiiguse kabisa kwenye stairofomu nyeupe ya maboksi ya TV, inaitafuna mbele ya macho yako inabaki tundu. Kijiti cha mishkaki kimoja kilozamishwa ndani kinashinda viwili vilofungwa nje. Ukitaka chembamba zaidi kuna chelewa, tumefanyia vishada toka utoto na ni nyepesi kweli. Kipande kilovunjika ukiweza kukirudisha chenyewe kirudishe, usikate kipya kinene. Solotepu mzunguko mmoja. Rangi, mkiani usipake. Na ndege ilozama baharini ioshe kwa maji ya bomba, chumvi inakula sevo (vimota vya kugeuza usukani) na risiva (kipokezi cha rimoti), halafu iache ikauke siku nzima ndo uipime, maana maji yaloingia kwenye nyufa nayo ni uzito.

Ukishapima mezani kuna kipimo chengine cha hewani. Panda juu vya kutosha, iruke sawa, halafu punguza moto na uinamishe pua ishuke mteremko wa wastani, kisha achia kijiti. Ikijinyanyua kwa nguvu, pua ina uzito wa ziada. Ikijinyanyua taratibu, iache hivohivo. Ikiendelea moja kwa moja uko mpakani. Ikizidi kuzama yenyewe, itoe taratibu, itue, sogeza betri mbele, usirushe tena mpaka umepima. Fanya hivi alfajiri kabla upepo haujaamka, mbali na watu, mbali kabisa na kiwanja cha ndege, na habari za kibali waulize Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania kabla hujaanza, hata ikiwa ndege yako ni ya stairofomu.

Ile yangu nilikata solotepu yote, nikatoa kijiti kimoja, nikakwangua araldaiti kwa wembe. Zikatoka gramu 13. Betri nikaisogeza mbele sentimita mbili na nusu, na chubwi haikuhitajika. Mpwa wangu ndo aloinyanyua kwa vidole vyake viwili, akaitazama muda mrefu, akasema "Mjomba, imeinama kidogo mbele." Nikamwambia hapo hapo, tia nukta.